WANAKUFUNGIA MLANGO KISHA WANAKUULIZA MBONA HUINGII



Ndugu zangu na dada zangu, kuna maneno ambayo kila mwenye jamaa Uingereza ameshayasikia. "Hawa watu hawataki kujifunza Kiingereza." Yanasemwa bungeni, yanasemwa kwenye televisheni, yanasemwa na jirani kituoni akingoja basi. La kuuma zaidi, siku hizi tunayasema hata sisi wenyewe. Tumekaa barazani Mombasa, ama tuko Eastleigh na chai mkononi, tunamcheka shangazi aliyeishi Leicester miaka kumi na bado akienda kwa daktari anamchukua mtoto wa darasa la nne amtafsirie.

Leo acheni kucheka kidogo, tuangalie kanuni. Manake hii habari ya nani anaruhusiwa kuingia darasani na nani haruhusiwi imeandikwa kwenye makaratasi, ina tarehe na ina miezi. Ukiisoma polepole utajiuliza nani hasa ndiye hataki.

Chukueni mfano wa binti wa Old Town, yeyote yule, aliyeolewa na kijana wetu mwenye uraia wa Uingereza. Kabla hajapanda ndege lazima afanye mtihani wa Kiingereza wa daraja ya A1, kusikiliza na kuongea. Sheria hii ipo tangu Novemba 2010. Msije mkasema "lakini sisi Kenya Kiingereza ni lugha rasmi, kipo kwenye Katiba kifungu cha 7." Ni kweli kipo. Lakini Uingereza ina orodha yake ya nchi ambazo raia wake huhesabiwa kuwa wasemaji wa Kiingereza na hawaulizwi mtihani. Jamaica imo, Guyana imo, Malta imo. Kenya haimo. Walitutawala, wakatufundisha kwa Kiingereza, wakatuachia mahakama za Kiingereza, na leo wanatuambia tuthibitishe kama tunakijua. (Na msidhani ni mtihani wa wasiosoma peke yao. Mwaka 2021 wauguzi wetu walipotaka kwenda kufanya kazi huko, Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba kati ya 300 waliofanya mtihani wa lugha ni 10 tu waliopita. Wauguzi hao, waliosomea kazi yao kwa Kiingereza!)

Haya, binti amefaulu, amepata viza ya ndoa. Viza yenyewe ni ya miezi 33. Kabla haijaisha lazima aombe nyongeza, na tangu Mei 2017 nyongeza hiyo haitoki mpaka aonyeshe Kiingereza kimepanda, kimefika daraja ya A2. Baadaye akitaka ukaazi wa kudumu, B1 pamoja na mtihani wa maisha ya Uingereza. Sawa. Mtu mwenye akili atauliza: na darasa je? Serikali ina mpango wa Kiingereza kwa watu wazima wasemaji wa lugha nyingine, unalipiwa na hazina kupitia vyuo na mabaraza ya mitaa. Binti ataingia lini?

Kwa kanuni za ufadhili za England, mtu asiye raia mwenye viza kama yake anatakiwa awe ameshakaa nchini miaka mitatu kamili kufikia siku ya kwanza ya masomo.

Pigeni hesabu jamani. Mtihani ni ndani ya miezi 33. Darasa ni baada ya miezi 36. Unafanya mtihani kwanza, ndipo unaruhusiwa kusoma. Wallahi hata mwalimu wa madrasa mkali kuliko wote mliyemjua hajawahi kumchapa mtoto kwa sura ambayo bado hajamfundisha.

Na hapo sijagusa pesa. Pamoja na ada ya viza kuna tozo ya afya, ambayo tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima. Kwa viza ya miezi 33 binti hutozwa pauni 3,105. Hiyo ni miaka mitatu kamili, kwa sababu miezi inayozidi inahesabiwa kama mwaka. Yaani kwenye kulipa, miezi 33 ni miaka mitatu. Kwenye kusoma, miezi 33 si miaka mitatu. Sijui mnisaidie, hii hesabu inafundishwa shule gani?

Tuwe waadilifu, tusiseme uongo kwa sababu tumekasirika. Aliyepewa hadhi ya ukimbizi hangoji hiyo miaka mitatu. Miji mikubwa yenye mameya wenye mamlaka juu ya fedha za elimu ya watu wazima, London ikiwemo, imepewa nafasi ya kulegeza baadhi ya masharti. Na kuna misikiti, makanisa, maktaba na akina mama wa kujitolea wanaofundisha bure kwenye vyumba vya nyuma, Allah awalipe. Lakini darasa la kujitolea ni sadaka. Leo lipo, kesho mwalimu amehama. Sadaka si haki, na mtihani hauangalii kama mtaani kwenu kulikuwa na mtu mwema.

Sasa mwombaji hifadhi. Huyu ndiye yule kijana wa Kisomali ama wa Sudan aliyefika akaandikisha maombi yake, akaambiwa ngoja. Huko England hata ufadhili wa darasa haumfikii mpaka apitishe miezi sita akingoja uamuzi. Kazi haruhusiwi. Akishangoja mwaka mzima anaweza kuomba ruhusa ya kufanya kazi, na hata hapo ni kazi za orodha maalum tu. Kwa hiyo miezi sita ya kwanza, wakati akili bado ina moto na hamu ipo, huyu mtu anakaa kwenye chumba akitazama ukuta, na posho isiyofika pauni 10 kwa siku. Kisha akitoka hapo hajui lugha anaambiwa amejitenga na jamii. Kajitenga au katengwa? Akivuka tu mpaka kwenda Scotland ama Wales, hakuna hiyo miezi sita. Kwani Waskoti wamefilisika kwa kumruhusu mtu ajifunze kusema "nina maumivu hapa"?

Turudi nyuma kidogo, kwa sababu vijana wengi hamkuwepo, ama mlikuwa wadogo. Mambo hayakuwa hivi siku zote. Zamani darasa la Kiingereza lilikuwa bure kwa mtu mzima yeyote aliyetimiza masharti ya ukaazi. Mwaka 2007 wakaondoa ubure huo kwa wote, wakabakisha wanaopokea misaada ya serikali. Mwaka 2011 wakataka kubana tena, bure iwe kwa walio kwenye misaada ya kutafuta kazi peke yake. Hebu fikirieni nani hayumo hapo. Ni mama wa nyumbani. Hatafuti kazi kwa sababu ana watoto wadogo, mumewe anaendesha teksi ama anasafisha ofisi usiku, mshahara ni wa kubana tumbo. Walimu wakaona mapema, wakaanzisha kampeni, wakaandamana wao na wanafunzi wao, na serikali ikarudi nyuma kiasi fulani. Kiasi tu. Pesa zenyewe ziliendelea kuyeyuka. Mwaka wa masomo 2009/10 England ilitumia pauni milioni 203 kwa madarasa haya. Kufikia 2015/16 zilibaki milioni 90. Zaidi ya nusu imeondoka. Mwaka 2014 chama cha walimu wa somo hili, NATECLA, kilipoviuliza vyuo na taasisi, asilimia 80 zilisema zina orodha ndefu za watu wanaosubiri nafasi.

Orodha za kusubiri! Nirudie? Hawa ndio watu "wasiotaka kujifunza", wamepanga foleni.

Na ndani ya hali hiyo ndipo akaja David Cameron. Nataka mkijue kisa hiki vizuri, kwa sababu kinatuhusu moja kwa moja. Julai 2015 serikali yake ilifuta pauni milioni 45 zilizokuwa zikilipia Kiingereza kwa wanaotafuta kazi. Miezi sita baadaye, Januari 2016, mheshimiwa huyo huyo anasimama mbele ya kamera anatangaza pauni milioni 20 za kuwafundisha Kiingereza wanawake wa Kiislamu. Akasema asilimia 22 ya wanawake Waislamu wa Uingereza, kama 190,000, hawajui Kiingereza ama wanajua kidogo sana. Akaunganisha jambo hilo na misimamo mikali. Akaongeza kwamba waliokuja kwa viza ya ndoa watapimwa baada ya miaka miwili na nusu, na asiyeonyesha maendeleo hana uhakika wa kubaki, hata kama ana watoto.

Tazameni ufundi wake. Unachukua 45 kimyakimya, unarudisha 20 kwa tarumbeta, na katikati umeshawachafua wanawake wa umma mzima. Ile 190,000 yenyewe ukiifungua, 152,000 ni wale wanaoongea lakini si vizuri. Wasiojua kabisa ni 38,000. Na je, wasiojua Kiingereza Uingereza ni Waislamu peke yao? Polandi haikuleta watu? Ureno je? Wachina? Mbona kwao halikuwa suala la usalama wa taifa?

Akina dada hawakunyamaza. Gazeti moja liliripoti kwamba Cameron faraghani alizungumzia unyenyekevu wa jadi wa wanawake wa Kiislamu, basi wakaingia mtandaoni na picha zao, huyu daktari, huyu mwanasheria, huyu anasema lugha tano, wakiyafanyia mzaha maneno hayo hayo mpaka yakawa aibu kwa mwenyewe. Hata Sayeeda Warsi, mwanamke Mwislamu wa kwanza kukaa kwenye baraza lake la mawaziri, alimpinga hadharani. Alikumbusha kwamba mama yake mwenyewe Kiingereza chake si kizuri, na bado amelea mabinti waliofika mbali.

Hicho ndicho ninachotaka mkione. Kanuni ya nani anastahili kusoma si jambo dogo la karani. Ndiyo inayotengeneza ile picha ya mwanamke bubu kwenye ukumbi wa daktari, kisha picha hiyo inatumiwa kuandika sheria nyingine ngumu zaidi. Mei 2025, chini ya chama kingine kabisa, serikali ikatoa waraka wa uhamiaji unaotaka viwango vya Kiingereza vipandishwe karibu kila njia, na kwa mara ya kwanza hata mke au mume wa mfanyakazi mgeni athibitishe lugha. Siku ile ile Waziri Mkuu Keir Starmer akaonya nchi isije ikawa kisiwa cha watu wasiojuana. Baadaye alisema anajuta kutumia maneno hayo. Majuto mazuri. Ile miaka mitatu ya kungoja darasa, je, ilijutiwa na nani?

Kuna watakaosema: pesa ni za mlipa kodi wa Kiingereza, kwa nini amlipie mgeni? Hoja hii ni nyepesi lakini inajibiwa. Mume wa binti analipa kodi. Binti akipata kazi ya kufua mashuka hotelini analipa kodi kuanzia mwezi anaovuka kiwango. Tozo ya afya kaitanguliza. Na hata akishatimiza miaka mitatu, kama ana kazi na mshahara wake unapita kile kiwango kilichowekwa, serikali inalipa nusu tu ya gharama, nusu nyingine itafutwe kwingine. Kwingine ni wapi kama si mfukoni mwake? Zaidi ya hapo, mtu asiyejua lugha anagharimu zaidi. Mkalimani hospitalini analipwa. Kazi ya chini ya uwezo wake ni kodi ndogo. Huhitaji kuwa mchumi.

Wengine watasema nchi ina haki ya kudai lugha. Hata mahakama zao zilikubali. Novemba 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisikiliza kesi ya Bibi na Ali, wake wawili ambao waume zao walikuwa Pakistan na Yemen. Majaji hawakuifuta sheria ya mtihani kabla ya safari. Lakini walionya kwamba namna inavyotekelezwa inaweza kuvunja haki ya familia ya mtu ambaye kwao hakuna namna ya kweli ya kujifunza wala kufanya mtihani huo. Mimi sibishi kwamba nchi ina haki ya kudai. Nasema anayedai afungue darasa siku ile ile anayodai. Ukidai leo ukafungua baada ya miaka mitatu, huo ni mtego.

Na si kwamba haiwezekani. Australia ina mpango wake wa Kiingereza kwa wahamiaji watu wazima, ambao wengi wa ndugu zetu waliotoka Dadaab na Kakuma wameupitia. Zamani ulikuwa na kikomo cha saa 510, na muda wa kujiandikisha, ukichelewa umekosa. Mwaka 2021 waliondoa kikomo cha saa na kuwafungulia waliokuwa wamepitwa na muda. Anga halikuanguka. Canada nao wana madarasa ya bure kwa wakaazi wa kudumu na wakimbizi waliokubaliwa, na hapo wanastahili sifa, ila wana kichekesho chao: ukichukua uraia, mpango huo wa serikali kuu unakutoa. Mama aliyetumia miaka yake ya kwanza kulea, akala kiapo pamoja na mumewe, watoto wakakua, sasa yuko tayari kusoma, anaambiwa wewe ni raia sasa, si mteja wetu. Kwani kiapo kilikuja na sarufi?

Nimesema mengi juu yao. Sasa tujitazame, maana tukiwasema wao tu tutakuwa wanafiki.

Wapo waume wetu wanaowazuia wake zao kwenda darasani. Wapo, msikatae. Mmoja anasema darasa lina wanaume. Mwingine anasema nani atapika. Mwingine hasemi sababu, anaogopa tu mke akijua kusoma barua za benki. Ndugu yangu, Mtume (SAW) alimwagiza Zayd bin Thabit ajifunze lugha ya Mayahudi ili barua zisomwe kwa uhakika, na Zayd akaijua ndani ya siku chache. Hakuambiwa ni lugha ya makafiri, achana nayo. Basi wewe unayemzuia mkeo asijue kusoma barua ya shule ya mwanao, umeipata wapi hiyo dini?

Lakini tazameni pia namna kanuni inavyomsaidia mume wa aina hiyo. Mke akisema nataka kusoma, jibu lipo tayari: "Si umeambiwa bado hustahili? Ngoja miaka mitatu." Baada ya miaka mitatu kuna watoto wawili, na chuo hakina mahali pa kuwaangalia. Serikali inayodai kumkomboa mwanamke wa Kiislamu kutoka kwa mumewe ndiyo iliyompa mumewe kisingizio cha kwanza. Wangetaka kweli kumsaidia wangefungua darasa kuanzia wiki anayotua, na chumba cha watoto kando yake, na vipindi vya mchana wakati wa shule. Hivyo tu. Wanawake wenyewe wangejaza viti.

Kwa hiyo madai yawe haya, na vijana walioko huko wenye sauti na wenye kura wayapeleke kwa wabunge na madiwani wao kwa maneno haya haya: mtu yeyote mzima ambaye sheria inamtaka aonyeshe Kiingereza astahili darasa linalofadhiliwa kuanzia siku sheria hiyo inapomshika. Mwombaji hifadhi naye England aingie siku anapoandikisha ombi, kama Scotland.

Na wakati tunangoja hayo, kuna mambo ya kufanya leo.

Kama dada yako ama shangazi yako amefika juzi, mwambie asiogope yale maneno kwenye viza yake yanayomkataza kutumia fedha za umma. Wengi wakiyasoma wanadhani hata kugusa mlango wa chuo ni kosa. Si kweli. Orodha ya fedha hizo kwenye sheria ya uhamiaji ni ya misaada kama ya nyumba na ya watoto, elimu haimo. Kinachomzuia ni ile miaka mitatu peke yake, na hilo ni suala la nani alipe. Kuuliza si kosa, wala hakumharibii viza.

Aulize chuoni na pia kwenye baraza la mtaa, asikubali jibu la mtu wa mapokezi peke yake. Aulize hivi: hapa kwenu kuna ufadhili gani ambao hauna sharti la miaka mitatu? Akikataliwa, aombe sababu kwa maandishi. Ahifadhi pasipoti yenye muhuri wa siku aliyoingia, barua za daktari na bili zenye jina lake, kwa sababu siku miaka mitatu ikitimia atatakiwa kuthibitisha kila mwezi aliokaa, na wengi huambulia patupu hapo kwa sababu kila karatasi ya nyumba ina jina la mume. Jina lake liingie kwenye bili kuanzia mwezi wa kwanza.

Na wewe uliyeko hapa nyumbani, ambaye dada yako bado anangoja tarehe ya mtihani wa A1: kaa naye kila baada ya Isha, nusu saa, mwongee Kiingereza cha dukani na cha hospitali. Akikosea usimcheke.